Usalama wa prodakti kwenye fintek ni kazi gani hasa? Jibu kwa developa wa Kisauni

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Dada, salaam aleikum. Mimi ni developa, niko Kisauni, naandika mifumo ya malipo ya karo na ya sacco kwa kampuni ndogo hapa mjini, nyingi ni Laravel na Python kidogo. Nataka kuingia kwenye usalama, ile kazi ya injinia wa usalama wa prodakti kwenye fintek, hizi kampuni za huduma za pesa kwa teknolojia. Nikiuliza kila mtu ana lake, mmoja aniambia ninunue kozi ya kuhaki, mwengine asema bila cheti nisijisumbue, mwengine asema Mombasa hakuna kitu nende Nairobi. Hii kazi hasa ni kazi gani, na mimi nianzie wapi?"

Waleikum salaam mdogo wangu. Ntaanza na hilo la kazi yenyewe manake ukishalielewa hayo mengine yanakuwa mepesi, na utaona kwamba wewe hauko mbali kama unavodhani.

Kwanza toa kichwani ile picha ya kijana kavaa hudi, yuko gizani, maandishi ya kijani yanateremka kwenye skrini. Sehemu kubwa ya hii kazi ni kusoma. Wasoma maelezo ya kitu ambacho bado hakijajengwa, wasoma msimbo wa watu wengine, wasoma maelezo ya API (ule mlango ambao mfumo mmoja waongea na mwengine) ya benki fulani, yalioandikwa kama hawataki mtu ayaelewe, alafu wauliza maswali mpaka watu kwenye mkutano waanze kuangalia saa. Kuna wenzetu wanaolinda laptopu za ofisi, barua pepe, mitandao ya ndani na hayo mambo ya mafaiawoli, wana kazi yao na ni kubwa. Wewe waangalia kile kitu ambacho kampuni inakiuza: ile apu, ile API, na ule ukurasa wa ndani ambao watu wa kastoma kea wautumia kumrudishia mteja pesa zake. Huo ukurasa wa ndani uweke akilini, ntarudi kwake.

Na kwenye fintek prodakti ni pesa ya mtu. Kwengine bagi ikitokea picha haifunguki, mteja akasirika, kesho arudi. Huku bagi ikitokea pesa imetoka, imeingia kwenye laini ya mtu, na kabla hujamaliza kusoma logi ishatolewa kwa ajenti Mwembe Tayari na laini imetupwa. Hakuna kurudisha.

Sasa, watu wakifikiria wizi wa fintek wanafikiria mtu kavunja usimbaji sijui kafanya nini. Kwa uzoefu wangu pesa nyingi zinapotea kwa sababu seva iliamini kitu ambacho haikupaswa kukiamini. Ndio maana swali ninalouliza kuliko yote, kila mkutano, mpaka wanitania nalo, ni hili: seva hii imeambiwa na nani, na imeamini kwa sababu gani? Acha nikuonyeshe kwa kitu unachokijua, manake wewe na Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom, mnaonana kila siku.

Tuseme kuna apu ya wenye tuktuk. Jioni dereva aweka hesabu ya siku kwa M-Pesa, inaingia kwenye mkoba wa mwenye tuktuk ndani ya apu, mwenyewe akitaka azitoa kwenda kwa simu yake. Dereva akibonyeza lipa, seva yako inatuma STK push, menyu inatokea kwa simu aweke PIN. Hapo hapo wapata jibu lenye CheckoutRequestID, ambalo maana yake ni ombi limepokelewa tu. Baadae kidogo Safaricom wanatuma JSON kwenye anwani ulioweka, ndio hiyo kolbeki: ndani kuna ResultCode, ikiwa 0 amelipa, ikiwa 1032 ameghairi mwenyewe, na kama amelipa wapata na Amount, na MpesaReceiptNumber, na namba ya simu. Developa wengi waandika hivi: ResultCode ikiwa 0, tafuta ile CheckoutRequestID kwenye databesi, ongeza salio, rudisha OK. Demo yapendeza, bosi afurahi, mfumo waenda laivu.

Haya uliza swali letu. Nani kaiambia seva kwamba dereva amelipa? Jibu la kweli ni, yeyote anayeijua ile anwani. Ile JSON ni maandishi matupu, haina sahihi ndani ya kukuthibitishia imetoka Safaricom, hata mimi nikiwa nimekaa Mama Ngina na laptopu nakula mihogo naweza kuitunga. Utanambia, lakini dada, huyo mtu hatoijua CheckoutRequestID. Ataijua mdogo wangu! Apu nyingi zairudisha kwa simu ya mteja ili simu ikae ikiuliza imelipwa, imelipwa, kwa hivo mwizi abonyeza lipa elfu hamsini, menyu ikija aghairi, aichukua ile ID kwenye trafiki ya simu yake mwenyewe, alafu aituma kolbeki ya uongo yenye ResultCode 0 na namba ya risiti aliojitungia. Mkoba umejaa, kwenye Paybill hakujaingia hata ndururu. Na kama anwani yenyewe umeiita /mpesa/callback, ataiotea kabla chai haijapoa.

Wenye maduka Kongowea hili walilijua zamani sana. Mteja akimwonyesha SMS ya M-Pesa kwa simu ya mteja, mwenye duka hamwachilii mzigo, angoja ya kwake iingie. Seva nayo ifanye hivo hivo. Kolbeki ikija ichukulie ni tetesi tu, iende yenyewe ikawaulize Safaricom kwa ile API ya kuuliza hali ya STK, iangalie kama ombi lile bado linasubiri au lishafungwa, na kiasi inachoongeza kiwe kile ulichokiandika wewe kwenye databesi wakati wa kuomba, sio kile kilichokuja kwenye kolbeki. Namba ya risiti iwekee sharti la upekee kwenye databesi yenyewe, ili risiti moja isiingie mara mbili hata kama msimbo wako umesinzia. Alafu kila usiku linganisha jumla ya mikoba na taarifa ya Paybill, shilingi kwa shilingi. Kuruhusu IP za Safaricom pekee na kuweka anwani ndefu isoweza kuotewa ni vizuri, fanya, lakini hivo ni vya kuongezea.

Umeona hapo hakuna kuhaki kokote? Ni mtu kakaa kasoma, kauliza. Na wewe unayeandika hizi kolbeki kila siku wamshinda kwa mbali mtu aliyehifadhi majina ya vifaa vya kuhaki mia lakini hajawahi kuunganisha Paybill hata moja.

Upande wa kutoa pesa ndio mtamu zaidi. Mwenye tuktuk ana elfu moja kwenye mkoba, aomba kutoa elfu moja. Msimbo wako wasoma salio, elfu moja, inatosha, watuma B2C (malipo ya M-Pesa kutoka kampuni kwenda kwa mteja), wapunguza salio. Sawa. Sasa atume maombi mawili kwa wakati mmoja, na simaanishi abonyeze haraka kwa kidole, namaanisha aandike skripti fupi iyatume sambamba. La kwanza lasoma elfu moja, la pili nalo lasoma elfu moja kabla la kwanza halijapunguza, yote mawili yaona inatosha, yote mawili yalipa. Mwaka 2015 mtafiti mmoja, Egor Homakov, alionyesha jambo la aina hii kwenye kadi za zawadi za Starbucks, alihamisha salio kutoka kadi moja kwenda nyengine kwa maombi yaliofika pamoja na salio likaongezeka kutoka hewani. Kampuni kubwa kiasi hicho. Dawa yake mara nyingi ni mstari mmoja: usisome alafu ukapunguza, iambie databesi ipunguze pale tu ambapo salio ni elfu moja au zaidi, alafu uangalie kama kuna safu ilioguswa. Kama ni sifuri, simama. Pesa inafungwa kwanza ndio B2C inatoka, wala sio kinyume chake.

Alafu kuna hili ambalo hata masinia wanateleza. Umetuma B2C, mtandao ukakatika, hukupata jibu. Imelipa au haijalipa? Hujui. Developa mwenye huruma atasema imefeli, amrudishie mteja salio ajaribu tena, kumbe ile ya kwanza ilikwenda, mteja kapata mara mbili. Na siku mtandao ukiyumba yumba hivo si mteja mmoja, ni kila aliyetoa pesa saa hiyo. Kwenye hii kazi lazima ufundishe watu kwamba kuna hali ya tatu kati ya imefaulu na imefeli, ambayo ni sijui bado, na pesa ilioko kwenye sijui bado inakaa hapo hapo imefungwa mpaka upate jibu la uhakika kwa kuuliza hali ya muamala. Kila ombi lipewe namba yake ya kipekee inayoandikwa kwenye databesi kabla ombi halijatoka, ili ukijaribu tena ujue ni lile lile. Watu wa prodakti hawaipendi hii manake mteja aona "inashughulikiwa" badala ya jibu, watakwambia unaharibu uzoefu wa mteja. Vumilia. Mteja anayesubiri dakika kumi anapiga simu kulalamika, mteja aliyelipwa mara mbili hapigi simu hata siku moja.

Kuona vitu vya wenyewe nako, hii ntapita haraka manake ni rahisi kuieleza na bado ndio inayoongoza. Seva yaulizwa "nipe taarifa ya mkopo namba 4471" nayo yatoa, bila kuangalia kama anayeuliza ndie mwenye huo mkopo. Badilisha iwe 4472, wapata wa jirani. OWASP, shirika la usalama wa programu, wameiweka ya kwanza kwenye orodha yao ya hatari za API ya 2023. Na First American Financial kule Marekani, mwaka 2019, ilijulikana kwamba nyaraka kama milioni 885 za mambo ya mikopo ya nyumba zilikuwa zaweza kusomwa na mtu yeyote kwa kubadilisha tarakimu kwenye anwani ya ukurasa. Hakuna pasiwadi ilioombwa. Kwa hivo ukisoma msimbo wa mtu angalia kila mahali panapochukua namba kutoka kwa mteja, na uulize, nani kahakikisha hii ni yake? Kuificha namba kwa kuifanya ndefu ya kubahatisha kwasaidia kiasi lakini hakuchukui nafasi ya kuuliza.

Sasa ule ukurasa wa ndani. Kila fintek inao, na karibu kila mahali ndio ulioandikwa haraka haraka na mtu mmoja kwa sababu "ni wa ndani tu, wateja hawauoni". Humo mna kitufe cha kurudisha pesa, cha kubadilisha namba ya simu ya mteja, cha kufungua akaunti iliofungwa, na wanaoutumia ni vijana wa kastoma kea ambao mshahara wao ni mdogo na wapigiwa simu mchana kutwa na watu wanaolia. Hapo usifikirie mwizi wa mbali peke yake. Fikiria mfanyakazi aliyeahidiwa mgao, fikiria mfanyakazi mwaminifu kabisa aliyedanganywa kwa simu, fikiria akaunti ya mtu aliyeacha kazi na hakuna aliyeifunga.

Kubadilisha namba ya simu ndio mlango mpana kuliko yote kwa nchi kama hii yetu ambapo namba ndio akaunti, ndio OTP (ile namba ya mara moja inayokuja kwa SMS), ndio kila kitu. Mtu akishabadilishiwa laini kwa ulaghai, OTP zako zote zaenda kwa mwizi na seva yako iko raha mustarehe, imetuma namba sita zimerudi namba sita, yaamini. Kwa hivo namba ikibadilishwa, au simu mpya ikiingia kwenye akaunti, zuia kutoa pesa kwa muda, teremsha kiwango, tuma taarifa kwa ile namba ya zamani pia. Na kwenye ukurasa wa ndani hakuna mtu mmoja anayeomba na kuidhinisha mwenyewe: mmoja aandika, mwengine aidhinisha, na logi ya nani kafanya nini ikae mahali ambapo hao wawili hawafikii. Mambo ya zamani haya, mabenki wanayo tangu wakati wa vitabu vya wino. Fintek wanakuja kuyagundua upya kila mwaka kama jambo jipya.

OTP ukiwa hapo hapo: ya tarakimu nne ina uwezekano elfu kumi tu, na kama seva haihesabu majaribio, kompyuta yazimaliza zote kabla haijaisha muda. Angalia hilo kwanza kwenye mfumo wenu wa sacco, sikwambii kwa ubaya.

Siri ndani ya apu pia. Chukua APK yenu wenyewe, lile faili la apu ya Android, ifungue na jadx, programu ya kurudisha apu iwe msimbo unaosomeka, ni ya bure, alafu tafuta neno secret. Mtu akishaipata consumer key na consumer secret yenu, zile funguo za kuingilia Daraja, ndani ya apu ilioko kwa simu ya kila mteja, hio si siri tena, na kuificha kwa kuichanganya changanya hakusaidii. Zinakaa kwenye seva. Kadi za benki nazo zina sheria zao, PCI DSS, toleo la 3.2.1 lilistaafu mwisho wa Machi 2024 sasa ni la 4, na hapo ushauri wangu ni mfupi: kama waweza kukwepa kugusa namba za kadi, kwepa, iachie kampuni ya malipo iliojiandaa. Na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazihifadhiwi muamala ukishaidhinishwa, hata zikiwa zimesimbwa, hata kama bosi aomba.

Siku yenyewe yaendaje basi? Asubuhi kuna ripoti zimeingia usiku kutoka kwa watafiti wa nje, nyingi ni takataka, mtu kaendesha skana kabandika matokeo na aomba alipwe, lakini kati ya hizo kuna moja ya kweli na kazi yako ni kuijua. Alafu kuna developa amekutumia mabadiliko uyasome, kuna timu yataka kuanza mkopo mpya na yataka mkae mchore pesa itapita wapi. Watu wengi kwenye huo mchoro watumia STRIDE, ilitoka Microsoft mwaka 1999, ni aina sita za tishio wapita nazo moja moja. Ni nzuri ukiwa mgeni manake yakukumbusha vitu ambavyo ungesahau, mie siku hizi nachora mishale ya pesa tu na kwa kila mshale nauliza nani kamwambia nani, na ikitokea mara mbili je, na isipojibu je. Mchana wapigana na laibrari za watu. Unaikumbuka Log4Shell, lile tundu la laibrari ya Log4j, Disemba 2021? Kampuni zilizoteseka kweli kweli ni zile ambazo hazikujua hata wapi wanayo Log4j, watu wakawa wapekua seva moja moja. Kwa hivo kuwa na orodha ya kilichomo ndani ya mifumo yako ni kazi isio na sifa lakini siku kama ile yakuokoa.

Skana za kusoma msimbo, Semgrep na kadhalika, tumia, lakini ujue hazijui biashara yenu. Hakuna skana itakayokwambia kwamba mkopo waweza kulipwa kwa kiasi hasi na deni likageuka salio. Hilo lahitaji mtu mwenye akili ya mama wa soko.

Na sehemu ambayo hakuna kozi inayofundisha ni kuishi na madevelopa. Ukiwa wa kusema hapana kila siku watajifunza kukupita, wataweka mabadiliko saa nne usiku ukiwa umelala, nawajua. Mie naona kazi nzuri kabisa ya mtu wa usalama ni kuandika kipande kimoja cha msimbo, tuseme cha kupunguza salio, kilichojaribiwa vizuri, alafu kila timu ikitumie hicho, ili njia salama iwe ndio njia rahisi. Hapo udevelopa wako ndio mtaji. Mtu ambaye hawezi kuandika huo msimbo atabaki kutuma PDF za kulalamika.

Sheria zijue pia, kidogo kidogo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na hizo saa zinahesabiwa tangu mlipojua, kwa hivo mtu wa usalama anayekalia taarifa "tuchunguze kwanza" anaila kampuni muda wake. Na ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 ni yako wewe binafsi: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini mpaka milioni tano au kifungo mpaka miaka mitatu au vyote. Nakwambia hivi kwa sababu ukishaelewa mambo ya kolbeki mkono utakuwasha kujaribu kwa apu ya jirani. Usijaribu. Nia njema haiandikwi kwenye logi. Jaribu kwenye mfumo wenu, mazingira ya majaribio, na hata hapo bosi akuandikie ruhusa kwa barua pepe, au kampuni iwe na mpango wake wa wazi wa kupokea ripoti na wewe usome masharti yake yote.

Kuhusu vyeti. OSCP ni mtihani wa vitendo wa karibu siku nzima, unatoka jasho, naiheshimu, lakini yakufundisha zaidi kuvunja mashine kuliko kusoma muundo wa malipo. CEH ya maswali ya kuchagua, kama ajira unayoiomba imeitaja, haya, la sivyo pesa yako nyingi mno hiyo. Kabla hujalipa chochote maliza Web Security Academy ya PortSwigger, ni bure, na zile sura za udhibiti wa ufikiaji, makosa ya mantiki ya biashara na mbio za maombi (yale maombi sambamba) uzifanye mpaka ziingie. Weka Juice Shop ya OWASP, duka la mtandaoni lililojengwa na matundu makusudi, kwenye laptopu yako uivunje wikendi, nayo ni bure.

Lakini kazi yako ya kwanza kabisa iko mezani kwako tayari. Uchore mfumo wenu wa karo, pesa inatoka kwa mzazi Likoni mpaka kwenye daftari la shule, kila mshale, alafu uuhoji. Utapata kitu, hakuna mfumo usio na kitu. Kirekebishe, andika jaribio litakalofeli mtu akikirudisha, na uandike kurasa mbili za kueleza bila kutaja jina la mteja wala kampuni. Hizo kurasa mbili nikizikuta kwenye CV nakuita kabla sijafika kwenye mstari wa vyeti, na siko peke yangu.

Nairobi sasa. Ofisi kubwa za fintek ziko kule, sikudanganyi, na kwa kazi ya kwanza ya usalama kukaa karibu na timu kwasaidia manake mambo mengi wayaokota mkiwa meza moja. Lakini nyingi zinakubali ufanye kazi ukiwa huku ukapanda SGR siku za mikutano, haswa ukiwa tayari wajulikana. Mie ningejaribu kwanza kubadilisha kazi bila kubadilisha kampuni: mwambie bosi wako kuanzia mwezi ujao mabadiliko yote ya malipo yapite kwako kabla ya kwenda laivu. Kampuni ndogo hazina mtu wa hivo, hatokataa, haigharimu kitu. Baada ya muda umeshakuwa injinia wa usalama, limebaki jina tu kwenye mkataba. Na ukishuka mjini pitia SwahiliPot pale karibu na Fort Jesus, kuna vijana wa teknolojia, tafuta hata wawili wa kusomeana msimbo, manake kuhoji kazi yako peke yako ni kugumu.

Intavyuu utakayokutana nayo itakuwa na mchoro. Watakuchorea apu ya mkoba kwenye ubao wakuulize ungeiibia vipi, na hapo na hizi kolbeki na maombi sambamba utakuwa nyumbani. Wengi waanguka kwenye swali la baada yake: umepata tatizo la kutoa pesa mara mbili, ni Ijumaa saa kumi jioni, prodakti inatoka saa kumi na moja, matangazo ya redio yameshalipiwa, wafanyaje? Ukijibu "nazuia kila kitu" umekosa, ukijibu "naandika tiketi Jumatatu" umekosa zaidi. Waambie wazima kutoa pesa peke yake kwa kitufe ambacho ulihakikisha kipo tangu wiki ya kwanza, kuweka pesa kuendelee, mwenye prodakti umpigie simu sio kumtumia meseji, na useme nani atasahihisha, nani atapitia, na lini mtakifungua tena.